Goma: Ujumbe usiohifadhiwa haurithiwi

Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, simu imebeba mzigo mzito kwa wakaazi. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na familia nyingi zikabaki na simu tu kupata habari za ndugu walioko Beni au Kinshasa. Simu hiyohiyo inaweza kumtia mwenyewe hatarini pindi mtu mwenye silaha anapotaka kuifungua.

WhatsApp ilikamilisha mwaka 2016 mfumo wa kufunga jumbe ili zisomwe na mtumaji na mpokeaji pekee. Signal pia hufanya hivyo. Kinga hiyo ni ya kweli, lakini inalinda ujumbe ukiwa njiani. Ukishafika, usalama wake unategemea aliyeupokea. Katika kundi la watu 200, siri iko mikononi mwa watu 200.

Sheria ipo. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2006 inalinda siri ya mawasiliano, na Sheria ya Kidijitali ya Machi 2023 inagusa ulinzi wa data binafsi. Hata hivyo, karatasi hizo hazimsaidii mtu aliyesimamishwa barabarani usiku.

Wapo wanaodai kwamba programu hizi zinaficha uvumi na uchochezi, hivyo serikali ipewe ufunguo wa kuzisoma. Uvumi unaua, hilo halina ubishi. Lakini Goma inajua jibu kuliko miji mingi. AFDL iliuchukua mji huu mwaka 1996, RCD mwaka 1998, M23 kwa siku chache Novemba 2012, kisha tena 2025. Ufunguo anaopewa mtawala wa leo utarithiwa na wa kesho, pamoja na orodha zote alizoziacha ofisini.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa wale wanaowaomba wengine habari: waandishi, mashirika ya misaada, watetezi wa haki za binadamu na wasimamizi wa makundi. Wakusanye kile tu kinachohitajika. Wamweleze shahidi hatari iliyopo kabla hajazungumza. Jina lisikae pamoja na ushuhuda. Sauti ya mtu isisambazwe, kwa sababu jirani ataitambua hata jina likifichwa. Jumbe ziwekwe zijifute pande zote mbili, na simu ya mwanachama ikichukuliwa, namba yake iondolewe kundini mara moja.

Shirika linalomwomba mama wa Ndosho ushuhuda, kisha likauacha miaka mitatu kwenye kompyuta isiyo na ulinzi, halijamtendea haki, hata kama nia yake ilikuwa njema. Wafanyakazi wake wanaweza kuvuka mpaka kwenda Gisenyi mji ukianguka. Mama huyo atabaki Ndosho.