Ryan Ogam Si Olunga Mpya, Mpeni Muda Kwanza

Unakumbuka vile Kasarani ililipuka Agosti 2025? Ryan Ogam, kijana wa Tusker, alifunga bao moja Morocco wakapoteza mechi, akarudia hivyo hivyo dhidi ya Zambia. Moto wa CHAN ukamfungulia njia ya Wolfsberger AC, Austria.

Shida ni sisi mashabiki. Akikosa kufunga wiki mbili tu, tunaanza kumchoma mtandaoni. Tulieni! Michael Olunga alitoka Gor Mahia 2016, akapitia Uswidi, Uchina na Uhispania, ndio 2020 akafunga mabao 28 na kuwa mchezaji bora wa ligi ya Japan. Miaka minne, boss! Wewe kwa job yako ya kwanza ulijipata baada ya siku ngapi?