Tusipime kimbunga kwa dharuba moja

Mnamo tarehe 3 Mei 2024, Rais William Ruto aliahirisha kwa muda usiojulikana ufunguzi wa shule zote nchini. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuua watu zaidi ya 200, na kutoka Bahari Hindi zilikuwa zikija habari za Kimbunga Hidaya. Siku iliyofuata, Hidaya kilitua katika kisiwa cha Mafia, Tanzania, kikiwa kimedhoofika. Hapa Tassia, watoto waliokuwa wakichungulia anga kutoka roshani za maghorofa hawakuona jipya ila mvua ile ile. Haukupita muda, watu wazima wakaanza kuwacheka wataalamu: "Kimbunga chenyewe kiko wapi?"

Kicheko hicho kina hatari, kwani anayecheka onyo la leo hatalisikiliza la kesho. Wala tusijidanganye kwamba vimbunga havifiki kwetu. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliivamia Unguja, kikaangamiza merikebu za Sultani Barghash na mashamba ya karafuu. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya mkanganyiko wetu haitokani na sayansi bali inatokana na lugha.

Tukisoma gazetini kwamba kimbunga kina "upepo wa kilomita 120 kwa saa", huwa hatujaambiwa jambo kamili. Kipimaupepo hutoa takwimu mbili zilizo mbali mbali. Ya kwanza ni wastani wa upepo katika muda fulani: ukanda wetu wa Bahari Hindi hutumia dakika 10, Wamarekani dakika 1. Ya pili ni pigo la ghafla lidumulo sekunde 3 hivi. Kiswahili kina neno la kale linalolifaa pigo hilo, nalo ni dharuba. Cheo cha kimbunga hutolewa kwa wastani, si kwa dharuba.

Je, nguvu ya kimbunga kinachotua itakadiriwaje ikiwa kituo kimetupa dharuba peke yake? Hapana budi kugawa. Mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani wa mwaka 2010 unakadiria kuwa baharini dharuba ni mara 1.23 ya wastani wa dakika 10, na bara ni mara 1.66. Sababu ni kwamba miti, nyumba na vilima huupunguza mwendo upepo na papo hapo kuuvuruga, hata ukawa wa kusukuma na kuachia.

Sasa turudi kwa zile kilomita 120. Zikiwa ni wastani, hicho ni kimbunga kamili, maana katika ukanda wetu cheo hicho huanzia kilomita 118. Zikiwa ni dharuba iliyopimwa baharini, wastani wake ni kama 98: hiyo ni dhoruba kali. Zikiwa ni dharuba iliyopimwa bara, wastani ni kama 72: dhoruba ya kadiri tu. Takwimu ni moja, vyeo ni vitatu!

Hata hesabu hiyo ina mipaka yake. Kipimaupepo hutakiwa kuwa kwenye mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi. Ukikitundika juu ya paa hapa Tassia, upepo unaojipenyeza baina ya maghorofa yaliyobanana utakupotosha. Na kituo kilicho mbali na ukuta wa jicho la kimbunga hakitauonja upepo wake mkali kabisa. Mwaka 1996, katika kisiwa cha Barrow, Australia, Kimbunga Olivia kilipiga dharuba ya kilomita 408 kwa saa, lakini hakihesabiwi kuwa kikali kuliko vyote vilivyopata kutokea duniani. Dharuba moja ni ushahidi, si hukumu.

Tena upepo haupimi mvua. Hidaya kilikwisha kudhoofika, lakini mafuriko yaliyofuata yaliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga. Waliouliza kimbunga kiko wapi wangewauliza wasafiri waliokwama huko.

Waandishi wa habari na watangazaji, basi, watuambie kila mara: ni wastani au ni dharuba? Wa muda gani, na umepimwa wapi? Walimu nao wasiliachie somo la Jiografia peke yake mzigo huu. Mwalimu wa Hisabati afundishe kugawa, na wa Kiswahili afundishe kutofautisha dharuba, dhoruba na kimbunga. Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Onyo lisiloeleweka halimwokoi mvuvi aliyekwisha kutweka tanga, wala halimsaidii mzazi anayejiuliza kama asubuhi atampeleka mwanawe shuleni.