Seva Moja Haitoshi Darasa la Wachoraji

Bodi nyingi za shule zimeshikilia imani moja: nunua seva moja yenye nguvu, iunganishe na visanduku 30 vya bei ndogo, na darasa zima limepata kompyuta. Kila mtoto ana skrini na kipanya chake, kazi yote inafanywa na seva iliyo pembeni. Mzabuni anapiga hesabu, wajumbe wanaridhika. Mimi nasema wazi kwamba kwa mtoto anayetaka kujifunza kuchora ramani za nyumba au kuhariri video, huko ni kumnyima elimu.

Kwa kuchapa barua na kujaza majedwali, sibishi, mfumo huo unafaa. Ukurasa wa barua hautikisiki mpaka ubonyeze herufi. Video ni habari nyingine. Chukua skrini ya nukta 1280 kwa 720. Kila nukta hubeba baiti 3, kwa hiyo picha moja ni karibu megabaiti 2.8. Video ya picha 25 kwa sekunde inadai megabaiti 69 kila sekunde, tena kwa mwanafunzi mmoja. Kebo ya megabiti 100 haipitishi hata megabaiti 13. Mzabuni atasema picha hubanwa kabla ya kutumwa. Ni kweli, na anayezibana ni seva ileile ambayo tayari inawachorea watoto 30.

Basi mwanafunzi anaizungusha nyumba aliyoichora, haisogei. Anavuta kipanya tena, na tena, mara nyumba inageuka mizunguko yote kwa mpigo. Mwalimu anawaomba wengine waache kwanza ili mwenzao amalize. Mtoto anatoka hapo akidhani mzito ni yeye. Hilo ndilo linaloniuma.

Sisi wa Kipawa, Dar es Salaam, hatuna kisingizio. Chuo cha TEHAMA cha VETA kiko hapahapa. Wajumbe wangeweza kwenda kuuliza kabla ya kutangaza zabuni.

Hata waliojenga mifumo hii wamesonga mbele. LTSP, programu huria iliyoanza mwaka 1999 kwa ajili ya mashine dhaifu za aina hii, iliandikwa upya mwaka 2019. Sasa kompyuta inapakua mfumo kutoka kwenye seva, lakini programu zinaendeshwa na kichakataji kilicho mezani kwa mwanafunzi. Fundi bado anatunza nakala moja tu, na ndiyo nafuu ambayo shule zilikuwa zikiitafuta tangu mwanzo. Heri kompyuta 10 za mezani zilizotumika, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, watoto wakipokezana, kuliko visanduku 30 vinavyoganda.

Kabla hundi haijasainiwa, bodi imtake mzabuni awashe skrini zote 30 kwa pamoja, wanafunzi wenyewe wakae vitini, na kila mmoja azungushe mchoro uleule wa nyumba. Akikataa, asilipwe.