Muuza Vitabu Anayemjua Baba wa Mteja

Safu hii leo inazungumzia vitabu na majarida ya vibonzo, na hasa mtu anayemuuzia mtoto. Wazazi wengi hubishana kama vibonzo vinafaa au havifai, nao hawamtazami muuzaji hata kidogo. Hali ya kuwa yeye ndiye mwenye nafasi ya kusema, "Hiki si chako bado, chukua kile."

Vibonzo si wageni kwetu. Wazee wanamkumbuka Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Wakaja Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, wakaanzisha jarida la Sani, ambalo jina lake limeungwa kwa herufi za mwanzo za majina yao wawili. Humo ndimo walimokulia Ndumilakuwili, Lodilofa, Kipepe na Madenge. Wahusika hao walitoka kwenye karatasi wakaingia midomoni mwa watu, hata mtoto mtukutu akawa anaitwa Madenge na jirani ambaye pengine hajawahi kulifungua jarida lenyewe. Utamaduni wa watu wengi hujengwa hivyo. Jina likishatumika sokoni na barazani bila kuelezwa, limekuwa mali ya wote.

Korogwe ilikuwa mahali pazuri pa kupokea mambo hayo. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha hupita hapo hapo. Abiria akisubiri basi hutafuta kitu cha kusoma, na gazeti lililofungwa asubuhi Dar es Salaam hushushwa pamoja na mizigo. Handeni ilikaa pembeni ya njia hiyo muda mrefu, hadi lami ilipoziunganisha Korogwe, Handeni na Mkata. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 tu. Lakini muuza magazeti wa stendi huuza kwa wapita njia. Hamjui anayenunua, wala hana muda wa kumuuliza umri wake.

Hapo ndipo shaka ya wazazi ilipoanzia, nayo haikuwa shaka ya bure. Kurasa za vibonzo mara nyingi zilikaa jirani na visa vya mapenzi na picha ambazo baba asingependa kuziona mbele ya wanawe. Milango ya uchapishaji ilipofunguliwa miaka ya 1990, magazeti ya udaku yaliongezeka na mchanganyiko ukazidi. Mzazi asiye na wakati wa kuchambua akapiga marufuku vyote kwa pamoja. Kwa uamuzi huo mtoto aliepushwa na uchafu, na pia alinyimwa usomaji wa hiari uliokuwa karibu naye kuliko wote.

Wamarekani walipita njia hiyo kabla yetu. Mwaka 1954 daktari mmoja, Fredric Wertham, alitoa kitabu akidai kwamba vibonzo vinaharibu vijana, na suala likafika mbele ya kamati ya Seneti. Wachapishaji wakaogopa, wakajiwekea kanuni na muhuri mdogo wa kubandika kwenye jalada. Muhuri ule ulidumu kwa miongo mingi, mpaka wachapishaji wa mwisho walipouacha mwaka 2011. Katika kipindi hicho, kuanzia miaka ya 1970, vibonzo vilikuwa vikihama kutoka vibanda vya magazeti na kuingia katika maduka maalumu, mengi yakiwa madogo na ya familia. Mwenye duka la namna hiyo huvisoma anavyoviuza, na wateja wake anawajua kwa majina. Muhuri ulisema jambo moja kwa watoto wote wa nchi nzima. Yeye anaweza kumwambia kila mtoto neno lake.

Kwa hali yetu, mfano wa Japani unatufaa zaidi. Baada ya Vita vya Pili watu walikuwa maskini na vitabu vilikuwa ghali. Yakaenea mitaani maduka madogo ya kukodisha, yaliyoitwa kashihon, ambako mtoto alilipa senti chache, akachukua kitabu cha vibonzo, akakisoma na kukirudisha. Wachoraji mashuhuri kama Shigeru Mizuki walipata riziki yao ya mwanzo kwa kuchorea maduka hayo. Miaka ya 1960 yalififia, lakini yalikuwa yamekwishaacha kizazi cha wasomaji na kizazi cha wachoraji.

Karibu zaidi na sisi kuna Shujaaz, kitabu cha vibonzo kilichoanza Kenya mwaka 2010 na baadaye kikaja Tanzania. Waanzilishi wake hawakusubiri maduka ya vitabu ambayo hayapo. Walikisambaza bure ndani ya gazeti na kupitia vibanda vya M-Pesa, yaani kwa mama na vijana ambao tayari walikuwa wameketi mtaani wakihudumia majirani zao.

Basi tujiulize, nani ameketi mtaani Korogwe, Mombo, Kabuku na Handeni mjini? Ni mwenye steshenari. Duka lake lina daftari, kalamu, mashine ya fotokopi na mitihani iliyopita. Mara nyingi mume huhudumia asubuhi, mke mchana, na watoto hukaa kaunta baada ya masomo. Wanamjua mwanafunzi anayeingia, wanamjua baba yake, na wakimwona na kitu kisichomfaa habari itafika nyumbani kabla ya magharibi.

Rafu moja ya vibonzo safi katika duka hilo haihitaji mtaji mkubwa. Tuseme kitabu kimenunuliwa kwa shilingi 5,000 na kinakodishwa kwa shilingi 200. Wasomaji 25 wa kwanza watarudisha gharama, na wa 26 ataanza kuleta faida. Kitachakaa, ndiyo, na kipo kitakachopotea. Kwa hiyo kivalishwe nailoni, na jina la mkopaji liandikwe daftarini. Jambo moja tu lisifanyike, nalo ni kukitoa fotokopi ili kuuza nakala. Mchoraji naye ana watoto wa kulisha, na kazi yake ina haki mbele ya sheria kama lilivyo shamba la mtu.

Faida kubwa ni ya mtoto. Huko Handeni wapo wanaoanza shule wakiwa na Kizigua tu kinywani, na upande wa Korogwe wapo wenye Kisambaa. Mtoto kama huyo akikutana na ukurasa uliojaa maneno matupu huchoka upesi. Picha humshika mkono: anaona mhusika amekasirika, kisha anasoma alichosema, na neno geni linapata maana bila kamusi. Akimaliza atataka la pili. Mtihani humlazimisha mtoto kusoma mpaka siku ya mtihani, lakini hamu ya kujua kilichompata mhusika humfuata mpaka ukubwani.

Wengine watasema simu imekwishamaliza kazi hiyo. Simu kweli inavyo vibonzo vingi kuliko duka lolote, lakini haimjui baba wa mtoto, na ikishamwonyesha jema humwonyesha na baya bila kusita.

Wiki hii basi, unapokwenda kumnunulia mwanao daftari, muulize mwenye duka kama ana kitabu cha vibonzo cha rika lake. Asipokuwa nacho, mwambie kwamba akikileta utakikodi. Wazazi kumi wakimwambia hivyo, mfanyabiashara atasikia. Kikija, keti usome wewe kwanza, kisha usome pamoja na mwanao.