Sakafu Ing'aayo Isiwe Mtego

Huenda wengine mtashangaa kuona sisi wauguzi tunaacha habari za chanjo na lishe ya watoto na kuanza kuzungumza juu ya saruji na vigae. Tuvumilieni kidogo, nanyi mtaona kwamba hatujatoka nje ya kazi yetu.

Wakati wa mvua za masika tulikwenda pamoja na akina mama wenzetu wa usharika kumtazama bibi mmoja aliyelala kitandani kwa sababu ya kuvunjika mfupa wa nyonga. Bibi huyo hakuanguka shambani wala hakugongwa na gari. Aliteleza barazani kwake mwenyewe. Watoto wake walioko mjini walikuwa wamemtendea jambo jema: walimwita fundi, naye akapanga vigae vyeupe ving'aavyo kama kioo tangu barazani hadi bafuni. Jioni moja mvua ilipulizwa barazani, bibi akatoka mbio kuanua nguo, na hatua ya pili haikufika. Tulipokaa naye alituambia kwa sauti ya chini, "Wanangu, msiwalaumu watoto. Walitaka nami nikae kama watu."

Hatukuwalaumu. Lakini tuliporudi nyumbani tulijiuliza ni wangapi kati yetu tunaojua la kumwuliza fundi kabla hajaanza kazi. Wengi wetu huuliza mambo mawili tu: bei ni kiasi gani, na rangi ipi inapendeza. Mengine yote tunamwachia yeye.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Tukisoma Kumbukumbu la Torati 22:8 tunaona kwamba Mungu aliwaagiza watu wake wanaojenga nyumba mpya waweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Basi usalama wa wanaokanyaga ndani ya nyumba si jambo dogo mbele za Mungu.

Wala hatusemi watu warudi kwenye sakafu za udongo. Sakafu ngumu ni baraka kubwa kwa afya. Udongo mkavu ndani ya nyumba huwahifadhi funza, na udongo uliochafuliwa na kinyesi huweza kuwaletea watoto minyoo na kuhara. Nchini Meksiko, serikali ilipozisaidia familia maskini za jimbo la Coahuila kuweka sakafu za saruji kuanzia mwaka 2000, wataalamu waliochunguza waliona minyoo, kuhara na upungufu wa damu vikipungua sana kwa watoto. Kwa hiyo, mama uliye na sakafu ya saruji iliyopigwa niru vizuri na isiyo na nyufa, usijione umeachwa nyuma. Hiyo ni sakafu ya afya. Vigae ni nyongeza tu, na nyongeza hiyo inafaa ikiwekwa kwa akili.

Nani atakanyaga hapa?

Hili ndilo swali la kwanza, kabla ya rangi na kabla ya bei. Kama nyumbani kuna mzee, mama mjamzito, mtoto anayejifunza kutembea au mgonjwa anayetumia magongo, chagua vigae kwa ajili yake kwanza. Vigae vyenye mng'ao mkali hufaa ukutani. Bafuni, jikoni, barazani na kwenye ngazi tafuta vigae vyenye uso wa kukwaruza kidogo. Ukiwa dukani usitosheke na kutazama. Omba maji kidogo, lowanisha kigae, kisha ukipitishe kiganja au kanyagio la kandambili yako. Kikiteleza mbele ya muuza duka, kitateleza pia usiku mtoto anapokwenda chooni. Wahenga walisema si vyote ving'aavyo ni dhahabu.

Hesabu yako na ya fundi

Bwana wetu, katika Luka 14, anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba yampasa aketi kwanza na kupiga hesabu. Nasi tukae chini na kalamu. Chumba chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3.5 kina mita za mraba 14. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 kinafunika mita ya mraba 0.16. Gawanya 14 kwa 0.16, utapata vigae 87 na nusu, yaani 88. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vitakavyokatwa na kuvunjika, unafika kama 97. Fundi akikuambia chumba hicho kinataka vigae 140, mwombe kwa upole akuonyeshe hesabu yake.

Nunua vyote kwa mara moja, na uangalie kwamba namba za toleo zilizoandikwa kwenye maboksi zinafanana, maana vigae vya jina moja vilivyotengenezwa siku mbalimbali huweza kutofautiana rangi. Vichache vitakavyobaki usivigawe. Vitunze, siku moja kimoja kitapasuka.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Mtafute fundi kwa kuona kazi yake na si kwa kusikia maneno yake. Mwombe akupeleke kwenye nyumba mbili alizozifanyia kazi mwaka mmoja au miwili iliyopita. Sakafu ya wiki jana haisemi kitu, kwa sababu karibu kila sakafu mpya hupendeza. Mwulize mama mwenye nyumba kama vigae vimeinuka, na kama maji ya bafuni yanaelekea kwenye tundu. Hapa Tanzania, cheti cha ufundi stadi kutoka chuo cha VETA ni jambo jema, ingawa wako pia mafundi waaminifu waliojifunzia kazini.

Mkikubaliana, andikeni. Karatasi moja ya daftari yatosha: ukubwa wa eneo, bei kwa mita ya mraba, nani ananunua saruji, mchanga na gundi ya vigae, nani anaondoa kifusi, kazi inaanza lini na kwisha lini, na kigae kikiinuka baada ya miezi sita itakuwaje. Wekeni sahihi nyote wawili mbele ya shahidi, kila mmoja abaki na nakala yake. Dada mpendwa, usione haya kwa kuwa fundi ni mtu wa usharika wako. Maandishi hayavunji undugu. Kinachovunja undugu ni kila mmoja kukumbuka lake.

Malipo yagawanywe. Toa sehemu ya kuanzia, sehemu kazi ikifika katikati, na sehemu ya mwisho baada ya kukagua. Lakini kazi ikiwa njema, lipa siku ile ile. Kumbukumbu la Torati 24 inatukataza kulaza ujira wa kibarua hadi jua linapokuchwa. Si haki tumdai fundi uaminifu huku sisi tukimzungusha kwa "njoo kesho".

Kinachofunikwa ndicho kinachobeba

Hapa ndipo sisi wenyewe tulipokosea nyumbani kwetu. Fundi alikuja asubuhi, sisi tukaenda zamu hospitalini, na tuliporudi jioni sebule ilikuwa imekwisha funikwa. Tulifurahi tukamsifu. Kabla ya mwaka kwisha, vigae vilianza kuinuka kimoja kimoja, na tulipovitoa tulikuta vumbi na rangi ya zamani chini yake. Saruji haikuwa imeshika kitu. Tulilipa mara mbili kwa sebule moja. Tangu hapo tumeshika kanuni hii: fundi asifunike kitu ambacho mwenye nyumba hajakiona.

Basi kaa nyumbani, au muache mtu unayemwamini, uangalie mambo haya.

Kama jamvi la zege ni jipya, limwagiwe maji kwa siku 7 hivi, kisha liachwe likauke. Ni vizuri kungoja kama siku 28 kabla ya kupanga vigae. Haraka haraka haina baraka.

Kama sakafu ni ya zamani, igongwe. Mahali palipolegea pavunjwe na kujengwa upya, nyufa zizibwe, rangi na mafuta vikwanguliwe, nayo ifagiliwe na kusafishwa hadi vumbi liishe. Unyevu ukipanda kutoka chini usiufunike kwa vigae. Tafuteni kwanza unatoka wapi.

Mchanga uwe safi. Uloweke kidogo ndani ya chupa ya maji, utikise na kuuacha utulie. Tope likiwa tabaka nene juu ya mchanga, urudishe. Wenzetu wa pwani, mchanga wa baharini usitumike, kwa kuwa chumvi yake huharibu kazi.

Uliza vigae ni vya aina gani. Vile vya kawaida vinavyonywa maji hulowekwa kwanza kama vinapangwa kwa saruji. Vile vigumu sana viitwavyo poseleni karibu havinywi maji kabisa, hivyo saruji tupu haivishiki vizuri. Hivyo vinataka gundi yake maalumu. Gundi ipakwe chini ya kigae chote na si madonge matano tu, manne pembeni na moja katikati, kwani penye uvungu kigae huvunjika kikiangukiwa na mchi.

Bafuni na barazani sakafu iwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu la maji au nje. Kabla ya vigae kupangwa, mwaga ndoo ya maji utazame yanakokwenda. Yakituama sasa, yatatuama daima.

Tahadhari za kiafya kazi inapoendelea

Kwanza, vumbi. Vigae vikikatwa kwa mashine vikiwa vikavu hutoa vumbi laini sana linaloharibu mapafu, na mtu anayelivuta kwa miaka mingi huwa rahisi zaidi kupata kifua kikuu. Fundi akatie nje, kwa maji, naye afunike pua na mdomo kwa barakoa inayofaa. Watoto na wenye pumu wakae mbali.

Pili, saruji mbichi huunguza ngozi polepole, bila maumivu ya haraka. Tumewahudumia vijana waliopiga magoti juu yake mchana kutwa, wakafika kwetu usiku wakiwa na vidonda. Ikimgusa mtu aoshe kwa maji mengi safi. Ikiingia jichoni aoshe kwa maji yanayotiririka muda wa dakika 20 hivi, kisha aende hospitali.

Tatu, asidi ambayo baadhi ya mafundi huitumia kuondoa mabaki ya saruji kamwe isichanganywe na jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenye sumu. Isiwekwe ndani ya chupa ya soda hata kwa saa moja, maana mtoto hajui kusoma hatari.

Siku ya kupokea kazi

Vigae vikishapangwa visikanyagwe kwa saa 24, ndipo mianya ijazwe. Siku ya kukagua, vua viatu. Pita chumba chote pekupeku, nyayo zako zitakuambia kigae kilichoinuka kuliko mwenzake. Kisha chukua sarafu au kijiti ugonge kimoja kimoja. Kilichoshika hutoa sauti nzito, chenye uvungu hulia kama debe. Weka alama ya chaki, umwonyeshe fundi bila ugomvi, naye arekebishe kabla ya malipo ya mwisho. Mwisho mwaga maji tena bafuni.

Na wale ambao tayari mmeweka vigae vinavyoteleza, msikate tamaa. Wekeni mikeka ya mpira isiyoteleza bafuni na mlangoni. Futeni maji mara yanapomwagika. Fungeni bomba la kushikilia ukutani karibu na choo, na taa iwake njiani usiku. Gharama yake ni ndogo kuliko ya nyonga moja.

Yule bibi anaendelea vizuri, ingawa sasa anatembea kwa kushika gongo. Watoto wake walirudi likizo, wakamwita fundi mwingine, na barazani sasa kuna vigae vya kijivu vyenye kukwaruza. Havipendezi kama vile vya kwanza. Tulipomtembelea tena alituonyesha, akakanyaga kwa nguvu mara mbili, akasema, "Hivi vinanipokea."

Hadi mwezi ujao, Mungu azibariki nyumba zenu, na wote wakanyagao ndani yake.