Limfoma ya Tumbo na Viuavijasumu: Kipimo Kitangulie Dawa

Ipo saratani inayoweza kutoweka kwa vidonge vya siku 14, bila upasuaji, mionzi wala tibakemikali. Nayo ni limfoma ya MALT ya tumbo, ambayo hukua polepole katika ukuta wa mfuko wa chakula na mara nyingi huchochewa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Kwa maoni yangu, tiba hii imo hatarini kwa sababu ya mazoea yetu ya kumeza viuavijasumu bila kupimwa.

Bakteria huyo akikaa tumboni miaka mingi, mwili hupeleka huko seli za kinga kupambana naye. Baadhi ya seli hizo huanza kuzaliana kupita kiasi, lakini mwanzoni bado hutegemea uchochezi wa bakteria. Mwaka 1993, Andrew Wotherspoon na wenzake waliripoti kwamba, kati ya wagonjwa 6 waliopewa viuavijasumu, dalili za limfoma zilitoweka kwa 5. Tafiti zilizofuata zimeonyesha mafanikio kwa takribani wagonjwa watatu kati ya wanne ambao ugonjwa wao ungali katika hatua za awali.

Si kila limfoma ya njia ya chakula hutii tiba hiyo. Limfoma ya Burkitt, inayowapata watoto wengi wa Afrika Mashariki na ambayo huweza kuanzia tumboni, hukua kwa kasi na huhitaji tibakemikali mapema. Kinachozitofautisha kwa hakika ni kinyama kilichokatwa na kuchunguzwa maabara.

Hapo ndipo mazoea yetu yanapotuumiza. Mwenye maumivu ya chembe cha moyo hununua dawa za vidonda vya tumbo, hupata nafuu, huziacha, kisha hununua tena. Viuavijasumu na omeprazoli vikitumiwa karibu na siku ya kipimo huweza kuwaficha bakteria, na majibu yakaonyesha kuwa hawapo. Dozi zisizokamilika nazo hulea usugu. Klarithromaisini ikishindwa kufanya kazi, mgonjwa wa limfoma hupoteza silaha muhimu.

Wapo watakaosema kwamba endoskopi ni ghali na hospitali zenye huduma hiyo ziko mbali. Ni kweli, na sidai kwamba kila mwenye kiungulia apelekwe huko. Lakini anayepungua uzito bila sababu, anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, mwenye upungufu wa damu au mwenye maumivu yanayorudi baada ya dozi kamili, apewe rufaa badala ya pakiti nyingine ya vidonge.

Nawe mgonjwa uliyethibitishwa kuwa na limfoma hii, maliza dozi yako, kisha rudi baada ya wiki 4 au zaidi, kama daktari atakavyokuelekeza, ili ihakikishwe kwamba bakteria wamekwisha. Uvimbe huweza kuchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kutoweka. Hivyo usikate tamaa, wala usiache kuhudhuria kliniki kwa kuwa maumivu yametulia. Endoskopi za ufuatiliaji ndizo zitakazothibitisha kwamba umepona, na ndizo zitakazomjulisha daktari mapema iwapo inahitajika tiba nyingine.