Mizani ya Israfu: Sebule na Jiko

Katika mazungumzo ya barazani, na hata katika darasa zetu za misikitini, neno israfu limekuwa likitajwa sana, na mara nyingi hutajwa pale mama wa nyumbani anapoomba kununuliwa kitu cha kumpunguzia kazi. Akiomba jiko la gesi, huambiwa kuwa mkaa bado upo. Akiomba sufuria nzito isiyounguza wali, huambiwa kuwa ile nyembamba haijatoboka. Akiomba sufuria ya presha ya kuchemshia maharage, hukumbushwa kuwa bibi zetu walichemsha maharage juu ya mafiga na wakazeeka salama. Lakini katika nyumba hiyo hiyo, ukiingia sebuleni, utakuta makochi yaliyochukua nusu ya chumba, runinga pana ukutani, mapazia ya tabaka mbili, na kabati la vioo lililojaa vyombo vya kauri ambavyo watoto wa nyumba hiyo hawajapata kulia hata siku moja, kwa kuwa vimewekwa kwa ajili ya wageni.

Sisi tunaona kuwa hapa mizani imepinduliwa. Kilicho cha lazima kimeitwa anasa, na kilicho anasa kimeitwa heshima ya nyumba. Ni wajibu wetu kulisema jambo hili wazi, kwa sababu madhara yake hayaishii kwenye mfuko wa mume. Yanafika kwenye afya ya mama na watoto, na yanafika hata kwenye ibada na elimu yao.

Ndugu wasomaji, israfu ni kuvuka mpaka katika matumizi. Wanavyuoni wetu wameieleza sambamba na ubakhili, wakatuonya tuziepuke ncha zote mbili na tushike njia ya kati. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua kama kitu fulani ni israfu hatosheki kwa kuitazama bei yake peke yake. Anapaswa kuuliza: Kitatumika mara ngapi? Kitamwondolea nani taabu, na taabu gani? Kitadumu kwa muda gani? Na je, fedha hiyo ina haki ya mtu mwingine ndani yake? Kitu cha shilingi 200,000 kinachotumika kila siku kwa miaka 10 chaweza kuwa ndio uchumi mzuri, na kitu cha shilingi 50,000 kinachokaa kabatini kikimsubiri mgeni wa Idi chaweza kuwa ndiyo israfu yenyewe.

GHARAMA YA KITU RAHISI

Tuchukue mfano mdogo wa chupa ya chai. Tuseme mtu ananunua chupa ya shilingi 10,000, na baada ya miezi minne haitunzi tena joto, au kioo chake kimepasuka. Atanunua nyingine, kisha nyingine. Kwa mwaka ametumia shilingi 30,000, na kwa miaka mitano shilingi 150,000. Jirani yake amenunua chupa ya chuma ya shilingi 40,000, nayo ikamtumikia miaka hiyo hiyo mitano. Nani kati yao aliyefanya israfu? Na bado hatujahesabu mkaa uliochomwa kila alasiri ili kuipasha upya chai iliyopoa.

Hesabu hiyo hiyo inakwenda kwenye kisu kisichoshika makali, kwenye ndoo ya plastiki inayokatika mkono siku ya pili, kwenye mwiko unaovunjika ndani ya ugali, na kwenye pasi inayounguza kanzu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bidhaa nyingi zinazotembezwa mitaani zikiwa zimepakwa rangi za kupendeza hununuliwa kwa sababu ya bei, na bei hiyo hulipwa tena na tena. Anayeumia zaidi katika mzunguko huo ni maskini, kwa kuwa hana uwezo wa kulipa mara moja kwa wingi. Ndivyo ilivyo pia katika mkaa: anayenunua kwa kopo kila siku hulipa zaidi, kwa kiasi kile kile, kuliko anayenunua gunia.

SAA ZA MAMA ZIMEKWENDA WAPI?

Viongozi wengi wa misikiti hulalamika kuwa darasa la akina mama baada ya Alasiri lina mahudhurio hafifu. Husemwa kuwa wanawake hawapendi elimu, au wanapenda mazungumzo. Ni wachache wanaouliza mama huyo yuko wapi wakati huo. Yuko jikoni anapuliza moto. Anachagua mchele, anakuna nazi, anachota maji ndoo baada ya ndoo, na kila ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Katika mwezi wa Ramadhani hali huwa nzito zaidi: wanaume hukaa msikitini wakisikiliza tafsiri, ilhali yeye anapika uji, tambi, mihogo na maharage ya nazi kwa wakati mmoja juu ya majiko mawili ya mkaa. Na kama ana binti, binti huyo naye huitwa kutoka madrasa aje kuangalia sufuria.

Tuyatazame maharage peke yake. Maji yaliyo katika sufuria ya kawaida, kwa sisi wa pwani, hayapandi kupita nyuzi joto 100, hata ukiongeza mkaa kiasi gani. Yanachofanya ni kugeuka mvuke na kupotea. Mbeya, mji ulio juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye takriban nyuzi 94, na ndiyo maana huko maharage huchelewa zaidi kuiva. Sufuria ya presha, ambayo wengi huiita presha kuka, huuzuia mvuke usitoke, na kwa hiyo joto la ndani hupanda na kukaribia nyuzi 120. Maharage yaliyolowekwa, ambayo yangechukua saa mbili, huiva kwa takriban nusu saa. Wala si jambo la uzushi wa jana: Mfaransa Denis Papin alitengeneza chombo cha namna hiyo mwaka 1679.

Saa moja na nusu iliyookolewa, ikirudiwa mara tatu kwa wiki, ni saa nne na nusu. Kwa mwaka ni saa 234, yaani karibu siku kumi kamili, usiku na mchana. Hizo ni siku kumi ambazo mama angeweza kusoma, kufundisha wanawe, kufanya biashara yake ndogo, au kulala tu, maana mwili nao una haki yake. Tunapomnyima chombo hicho kwa jina la kuepuka israfu, tunasahau kuwa umri pia ni mali, na kwamba israfu ya umri wa mtu mwingine ni mbaya kuliko israfu ya shilingi.

MOSHI HAUNA HESHIMA

Jambo la pili ni afya. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa uchafuzi wa hewa ndani ya nyumba, unaotokana hasa na kupikia kwa kuni, mkaa na nishati nyingine chafu, ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 katika mwaka 2020, na kwamba zaidi ya 237,000 kati ya hao walikuwa watoto walio chini ya umri wa miaka 5. Hao ni watoto wanaobebwa mgongoni mama anapoinama juu ya moto.

Hapa Tanzania, Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, kwa lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Mkakati ni jambo jema, lakini hauwezi kuingia ndani ya nyumba ya mtu na kuamua kati ya jiko na runinga. Uamuzi huo ni wa mwenye nyumba. Na asiyeweza gesi wala umeme bado ana la kufanya: jiko la mkaa lililojengewa udongo wa kuchoma ndani hutumia mkaa pungufu kuliko jiko la bati tupu, na jiko lililo chini ya paa lenye njia ya kutolea moshi ni bora kuliko chumba kilichofungwa.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo wanaosema kuwa vifaa hivi vitawafanya wanawake na mabinti kuwa wavivu. Tunawauliza ndugu hao: mkulima aliyeacha jembe la mkono akashika trekta, je, ni mvivu? Aliyeacha baiskeli akanunua pikipiki, je, nani alimwita mvivu? Iweje wepesi uwe maendeleo ukimfikia mwanamume, na uwe uvivu ukimfikia mkewe?

Wapo pia watakaotukumbusha kisa cha Bibi Fatma (r.a.), ambaye mikono yake iliumia kwa kusaga, akaenda kuomba mtumishi, na Mtume (s.a.w.) akamfundisha dhikri za wakati wa kulala badala ya kumpa mtumishi. Kisa hicho ni sahihi na tunakipokea kwa unyenyekevu. Lakini na tukisome chote. Katika baadhi ya mapokezi sababu yake imetajwa: walikuwapo watu wa Suffa, masikini waliokuwa wakikaa msikitini na matumbo yao yakiwa na njaa, nao ndio waliotangulizwa. Basi mwenye kutaka kukitumia kisa hiki kumnyima mkewe jiko, kwanza atuoneshe ni masikini gani aliowalisha kwa fedha hiyo. Kama fedha imekwenda kwenye makochi, kisa hiki ni hoja dhidi yake. Tena inajulikana kutokana na mapokezi ya Bibi Aisha (r.a.) kuwa Mtume mwenyewe alikuwa akishiriki kazi za nyumbani mwake. Mume aliyeshindwa kununua chombo hajaondolewa wajibu wa kunyoosha mkono.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni umasikini. Ni kweli kuwa wapo wenzetu ambao kipato cha leo ndicho chakula cha leo, na kuwaambia wanunue kitu bora ni kama kuwakejeli. Kwa hao, tunasema kuwa mzigo huu ni wa jamaa nzima, na tutaurejea hapa chini. Ila tunawaonya wote wasiingie katika mikopo ya riba, hasa ile inayoitwa kausha damu, kwa ajili ya chombo chochote. Sufuria iliyonunuliwa kwa riba itapika haraka, lakini itailaza nyumba macho.

NAMNA YA KUNUNUA

Hatusemi kila kilicho ghali ni bora. Vyote ving'aavyo usidhani dhahabu. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi atazame mambo haya:

Kwanza, aanze na kazi inayorudiwa kila siku na inayochosha zaidi, na amuulize anayeifanya. Mume asinunue blenda ya kumshangaza mkewe ilhali kilio cha nyumba ni tanki la maji.

Pili, aangalie uzito na maungio. Sufuria yenye kitako kinene husambaza moto sawasawa. Mkono uliofungwa kwa ribiti imara hudumu kuliko uliobandikwa.

Tatu, aulize vipuri. Sufuria ya presha ambayo mpira wa kifuniko chake haupatikani mjini itageuka pambo baada ya mwaka. Vivyo hivyo kifaa ambacho hakuna fundi anayekijua.

Nne, asidharau usalama. Mpira wa gesi ukaguliwe kila mara, mtungi ukae penye hewa, na tundu la kutolea mvuke katika sufuria ya presha lisafishwe kila baada ya matumizi.

Tano, akishanunua, akitumie. Chombo bora kinachofungiwa kabatini kwa kuogopa kuchakaa kimerudi kuwa pambo la sebule.

WAJIBU WA JAMAA ZA MISIKITI

Akina mama wetu wametutangulia katika jambo hili. Kwa miaka mingi wamekuwa wakicheza upatu wa vyombo, kila mmoja akitoa kidogo kidogo na zamu ikizunguka, bila riba wala dalali. Ni nini kinachozuia jamaa ya msikiti kuufanya utaratibu huo kwa mpangilio, watu kumi kumi, mpaka kila nyumba ipate jiko? Ni nini kinachozuia wenye uwezo kutoa mkopo mwema kwa mjane anayepika maandazi kwa kuni, arudishe kwa kadiri ya mauzo yake? Na tunapoandaa zawadi za harusi, badala ya kumrundikia bibi harusi seti sita za glasi, kwa nini tusichange tukampa kitu kimoja kizito kitakachomtumikia miaka 20?

Ramadhani haikawii kufika. Kabla haijafika, kila mwenye nyumba na aingie jikoni mwake, akae hapo muda wa kuiva sufuria moja ya maharage, kisha ndipo atoe hukumu yake kuhusu israfu. Tunaamini kuwa wengi wataitoa hukumu hiyo macho yakiwatoka machozi, na moshi ndio utakaokuwa shahidi wa kwanza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutumia kwa haki kile alichoturuzuku. Amin.